F-35: Ukaguzi Unaofika Baada ya Malipo

Bei ya kununua ndege ya kivita ni sehemu tu ya gharama yake. Kinachomeza fedha nyingi zaidi ni kuitunza. Aprili 2024, GAO, taasisi inayolikagulia Bunge la Marekani matumizi ya serikali, ilieleza kwamba makadirio ya gharama za kuzihudumia ndege za kivita za nchi hiyo aina ya F-35, zinazoundwa na kampuni ya Lockheed Martin, katika maisha yake yote yalipanda kutoka dola trilioni 1.1 mwaka 2018 hadi takriban trilioni 1.58 mwaka 2023, ilhali jeshi linapanga kuzirusha kwa saa chache kuliko ilivyokusudiwa awali.

Watetezi wa mradi wana hoja nzito. Bei ya F-35A, mojawapo ya aina za ndege hiyo, ilishuka chini ya dola milioni 80 katika mikataba iliyotangazwa mwaka 2019, kwa kuwa viwanda vilikuwa na oda nyingi za uhakika. Kinyume chake, F-22, ndege nyingine ya kivita ya Marekani, zilikusudiwa kuwa 750, lakini jeshi likaishia kupata 187, na gharama za usanifu zikaelemea ndege chache. Anayepunguza idadi ili kuokoa fedha anaweza basi kupandisha bei ya kila ndege, na hilo nalikubali.

Tatizo langu ni wakati ambao ukaguzi unauma. Sheria ya Nunn-McCurdy ya 1982 inataka mradi uliopindukia kiwango cha gharama ufutwe, isipokuwa Wizara ya Ulinzi ithibitishe kwamba ni wa lazima kwa usalama wa taifa. F-35 ilikivuka kiwango hicho mwaka 2010, ikathibitishwa, ikaendelea. Ndege zilikuwa zikiundwa huku majaribio hayajakamilika, hivyo kasoro mpya zilimaanisha kuzirekebisha hata zilizokwisha kukabidhiwa, na kuufuta mradi kungekuwa kutupa yote yaliyolipwa.

Chukua kipuri kimoja kibovu. Fundi wa jeshi amekifungua na kukiweka mezani, lakini data za kiufundi za kukitengeneza anazo mkandarasi aliyeiunda ndege. Basi kinafungwa sandukuni na kwenda kungoja foleni. GAO ilikuta vipuri zaidi ya 10,000 katika foleni hiyo mwaka 2023, na mwezi Machi mwaka huo ni kama asilimia 55 tu ya ndege zilizokuwa tayari kwa kazi. Haki ya kupata data hizo ilipaswa kudaiwa kabla ya Oktoba 2001, Lockheed Martin na Boeing walipokuwa bado wanashindania zabuni. Sasa mnunuzi analazimika kuijadili na mshindi peke yake, Lockheed Martin, akianzia kwenye bei itakayotajwa na kampuni hiyo.