Sili ya Nyuma, Bosi

Boksi lililotandikwa jana chini ya gari lilikuwa kavu. Asubuhi hii lina doa jeusi la oili la ukubwa wa kisosi, na katikati ya doa kuna tone bichi linakodoa kama jicho. Na gasketi ya kuzuia oili ni mpya, jamani. Mpya!

Sisi wenye magari ya porini yaliyozaliwa kabla kompyuta haijaingia kwenye injini tunajuana. Galoni ya oili haikosekani nyuma ya kiti. Tukitembelea watu tunapaki nje ya geti, kwa heshima zetu, "hapa panatosha," na sababu kila mtu anaijua. Hayo tumezoea. Kinachochosha roho ni gari kulazwa na kupasuliwa tumbo wakati pua tu ndiyo imeziba.

Maana fundi wa aina ile mnamjua. Tochi hashiki. Anainama nusu, mkono kiunoni, anachungulia pale injini inapokutana na giaboksi, anachovya kidole, anafumba macho kama daktari aliyeletewa majibu mabaya.

"Sili ya nyuma ya krenki, bosi. Giaboksi ishuke."

Giaboksi ishuke! Sili hiyo, mpira wa kuzuia oili kwenye mwisho wa krenki, shafti kuu ya injini, imejificha kati ya injini na giaboksi. Na kwenye gari la namna hii giaboksi haishuki peke yake. Inashuka na transfa yake, sanduku la kugawa nguvu mbele na nyuma, na propela shafti mbili, na kila bolti iliyooana na kutu. Unajikaza, unamuuliza kwa adabu:

"Fundi wangu, juu umeangalia?"

"Juu wapi, bosi?"

"Nyuma ya tapeti kava."

"Bosi, oili iko chini. Juu nikatafute nini?"

Basi adabu inaishia hapo. Oili haichipui ardhini, fundi! Inateremka! Ukingo wa nyuma wa tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ukivuja, oili inashuka mgongoni mwa bloku, inazunguka nyumba ya klachi, inakuja kudondokea pale pale ambapo sili ya nyuma ingedondokea. Na gari likitembea, upepo unaizidisha kuipeleka nyuma. Osha injini, iache ikauke, nyunyiza poda kuanzia kwenye kava kushuka chini, endesha robo saa, kisha mulika. Alama ya juu kabisa ndiyo chanzo, zote za chini ni wapambe. Na tone likinuka salfa, kali, kama kiberiti kilichozimwa, hilo ni la giaboksi na krenki haihusiki kabisa.

"Poda, bosi?"

"Poda."

"Hii ya mtoto?"

"Ya mtoto, fundi."

Anaita wenzake waje wasikie.

Wakishamaliza kucheka, kava linavuja kweli. Sasa anakuja bingwa mwingine na spana ndefu, anakaza bolti za kava mpaka bati linapinda, na mahali palipokuwa panatoa jasho panatoa kijito. Wa tatu anapaka silikoni kama anasiriba ukuta. Ile inayobinyikia ndani inakatika, inaangukia kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, inakwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Na hakuna hata mmoja aliyeuliza oili inasukumwa na nini.

Pistoni zote, hata za injini mpya, zinapitisha gesi kidogo pembeni ya ringi, pete zinazoizunguka pistoni. Gesi ile inajaa kwenye nyumba ya krenki na lazima itoke. Zamani ilitolewa kwa bomba lililoning'inia chini ya gari, moshi na oili vyote barabarani. Miaka ya 1960 Marekani ikaanza kutaka irudishwe kwenye manifoldi, njia ya hewa inayoingia injini, ikaungue, ndipo ikawekwa valvu ya kuipitisha. Valvu hiyo ikijaa uchafu, presha inatafuta mlango wake yenyewe: gasketi ya kava, sili ya mbele, sili ya nyuma, hata kijiti cha kupimia oili kinarushwa. Badilisha sili zote upendavyo, zitatapika vile vile.

Kupima hakuhitaji hata spana. Kwa injini ya petroli, iache ipate moto, ingurume bila kukanyagwa, chomoa valvu kwenye kava, ziba tundu lake kwa kidole. Kidole kinyonywe. Kisiponyonywa, mpira wake umeziba au valvu imekufa. Zima, itikise: ile ya springi igonge kcha-kcha, na ikinyamaza, itupe. Kisha irudishe, bana mpira wa hewa safi unaotoka kwenye sanduku la filta, fungua kifuniko cha oili, weka karatasi juu ya tundu. Ndani ya dakika moja hivi karatasi inyonywe ikae. Ikirukaruka wakati valvu ni nzima na mipira haijaziba, pima mgandamizo wa silinda, na hapo ruksa kulia, maana ni ringi.

Dizeli haina mnyonyo wa namna hiyo, kwa hiyo usiihukumu kwa karatasi. Angalia kitenganisha oili, kile kinachotoa oili kwenye gesi hiyo, kioshe kwa mafuta ya taa. Yenye kiwambo cha mpira, kiwambo kikipasuka utasikia mluzi na kuona moshi wa bluu.

Mpira wa kupitishia gesi nao uwe wa kuhimili oili, tafadhali. Ule wa maji ya rejeta unalainika, unanyonywa unajibana kama mrija wa soda, na tumerudi kwenye doa.

Na anayejaza oili kupita alama ya juu "kwa usalama," krenki inaipiga mpaka inatoa povu, halafu kwenye mteremko mkali kipumulio kinainywa. Pima pa tambarare, injini imezimwa dakika kumi.

Difu nazo, zile gia za ndani ya ekseli, zinapumua, nani anakumbuka? Kijipua kile juu ya ekseli kikizibwa na tope, ekseli ya moto ikiingia mtoni inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, maji yananyonywa kupitia sili, na oili inageuka rangi ya maziwa. Lakini fundi kaja kutazama tone, difu hakuitwa.

Halafu kile kiziba cha chini ya nyumba ya klachi, cha kuvukia maji. Kinawekwa kabla ya kuvuka; ukishavuka, kinatolewa. Sasa kipo, kimekazwa, na kimepakwa silikoni. Nani kakipaka silikoni?