Msiuze besi, badilisheni nyuzi

Jumapili mbili zilizopita baada ya ibada kamati ya kwaya yetu ilikaa dakika kumi ikaamua gitaa letu la besi liuzwe. Dakika kumi. Besi ambayo nimeipiga miaka kumi na moja kabla sijamkabidhi kijana wetu, imevuka maji kwenda Ukerewe sijui mara ngapi, imepanda kivuko cha Kamanga imefunikwa kanga za akina mama isilowe, leo eti imechoka, haina sauti, itafutiwe mteja tuongezee hela tununue nyingine. Pale nilinyamaza kwasababu nilijua nikifungua mdomo nitamkosea mtu mzima heshima. Ila limenikaa rohoni na nimeona niliandike, maana najua hili haliko kwetu tu, hapa Mwanza kuanzia Buzuruga mpaka Nyegezi nimeshaona besi nzima kabisa zikiuzwa kwa bei ya kutupa na shida ilikuwa ni nyuzi.

Ilivyokuwa ni hivi. Kijana wetu anapiga vizuri, sina neno naye, ana sikio na ana nidhamu ya mazoezi. Alienda mjini kununua nyuzi mpya, muuzaji akampa seti ya chuma kile kisichoshika kutu, nyembamba, namba 40 mpaka 95 (namba ni unene wa uzi kwa elfu za inchi), akamwambia hizi ndo wanazopigia watu wa gospo Marekani. Akafunga. Jumapili ile ile mama mmoja wa sauti ya pili, mtu aliyeanza kuimba kwaya mimi sijazaliwa, akanivuta pembeni akaniambia, "Mwalimu, besi leo ina nini? Inakwaruza kama mtu anakwangua sufuria ya ugali." Mama yule hajui namba wala hajui chuma gani kinazungushwa wapi, lakini kwa sentensi moja alimaliza kila kitu. Fundi mitambo yeye akafanya anachojua, akakata sauti zote za juu, akapandisha za chini, spika zikaanza kuvuma, akashusha tena, na hivyo hivyo wiki baada ya wiki mpaka watu wote wakaamini gitaa limekufa.

Nikaichukua nikaenda nayo nyumbani. Nikailaza mezani chini ya taa, nikapitisha ukucha taratibu juu ya uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kuanzia juu mpaka kule unapofungwa. Krrrrr. Fanya na wewe leo kwenye besi yako. Kile unachokisikia ni mabonde, maana uzi huo una waya wa katikati alafu umezungushiwa waya mwingine wa duara, na kila mzunguko unaacha kimfereji. Ndo zinaitwa raundi. Kidole kikihama kutoka noti moja kwenda nyingine kinapita juu ya mifereji hiyo, na mlio wake unaingia kwenye pikapu, ile sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi, unatoka kwenye spika pamoja na noti. Aina ya pili ni flati, zenyewe zimezungushiwa waya bapa kama utepe, ukipitisha ukucha unateleza tu kama umepita kwenye mpini wa jembe la zamani. Mama wa sauti ya pili alisikia mifereji. Alikuwa sahihi asilimia mia.

Sasa ngoja niseme kinachoniuma. Mpiga besi wa kwaya au wa bendi ya dansi hachagui nyuzi kwa kusikiliza besi peke yake. Anachagua kwa kusikiliza ni nafasi gani imebaki wazi. Hesabu mwenyewe kwenye kwaya zetu hizi za kanda ya ziwa: kuna akina mama arobaini, wa kwanza na wa pili, kuna gitaa la solo linalia huko juu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, kuna ridhimu, kinanda kina mkono wa kulia usiochoka, kuna hayahati, yale matoazi ya ngoma, na yote hayo chini ya bati na kuta za saruji ambazo sauti kali ikizigonga inarudi mara mbili. Huko juu kumejaa! Hakuna pa kuweka hata sindano. Chini ndo kuko wazi. Sauti ya nne ya wanaume ikishuka kabisa mpaka E yake inatikisika mara 82 kwa sekunde, uzi wa E wa besi uko oktavu nzima chini ya hapo, mara 41. Hapo hakuna mtu mwingine anayekaa, ni sakafu, na sakafu haitakiwi kung'aa inatakiwa ibebe watu. Sasa wewe unachukua chombo pekee kinachoweza kubeba, unakivalisha nyuzi ambazo nguvu yake kubwa iko juu kule kwenye msongamano, alafu unashangaa kwamba besi haisikiki? Imeenda kugombana na solo, na solo itashinda siku zote.

Flati ndo maana nazipenda. Noti inaanza na kishindo, inakaa, alafu inakufa mapema kidogo, na huko kufa mapema ndo utamu wenyewe kwasababu noti inayofuata inakuta njia iko wazi. Sikiliza besi ya TPOK Jazz, bendi ya Franco, enzi za mpiga besi Decca Mpudi, au sikiliza bendi yetu ya dansi ya Mlimani Park, besi inatembea kama mtu mwenye miguu, unasikia hatua inakanyaga na inanyanyuka. Jaribu kupiga hatua zile kwa nyuzi mpya za chuma kikali ambazo kila noti inaendelea kulia sekunde nne. Zinakanyagana.

Na sio kwamba flati ni kitu cha ajabu kilicholetwa na wazee wabishi. Fender, mtengeneza magitaa wa Marekani, alipotoa besi yake ya umeme ya kwanza, Precision, mwaka 1951, kilichokuwa kinafungwa ni flati, raundi kwenye besi zilikuja kushika miaka ya 60 huko Uingereza pale John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, alipokaa na watengeneza nyuzi wa Rotosound wakitafuta uzi unaolia kama kinanda kikubwa. Alikuwa na sababu yake, bendi yao ilikuwa na gitaa moja tu, huko juu kulikuwa na nafasi, akaijaza. Amefanya vizuri. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, Detroit, yeye alikuwa na kundi zima la vinanda, magitaa, tarumbeta na waimbaji juu yake, akabaki na flati nene za La Bella, 52 mpaka 110, anapigia kidole kimoja, na nyuzi hakuwa na tabia ya kuzibadilisha. Watu wawili, kazi mbili, nyuzi mbili. Kwaya yenye watu sitini iko upande wa nani kati ya hao?

Nakubali, na naandika hili taratibu, kwamba vijana wana hoja moja ya kweli. Nyimbo zetu siku hizi watu wanasikilizia kwenye simu, na spika ya simu haifiki mara 41, haifiki hata karibu. Kwenye simu besi unaisikia kwa zile sauti zake za juu, na raundi zinazo nyingi, flati zinazo chache, kwahiyo rekodi iliyopigwa na flati mtu akiifungulia kwenye daladala kwa simu anaweza akajiuliza mpiga besi alikuwa likizo. Na anayepiga slapu, ile ya kugonga nyuzi kwa dole gumba, aweke raundi, sitabishana naye. Ila Jumapili asubuhi hatuko kwenye simu.

Kama hela ya flati haipo, maana ni kweli bei yake inaweza kufika mara mbili ya raundi au zaidi, basi chukua raundi za nikeli badala ya kile chuma kikali, namba 45 mpaka 105, na uzizoee mpaka zipoe. Wiki tatu nne za mazoezi jasho linazituliza zenyewe. Nyembamba za 40 achana nazo kama mkono wako una nguvu ya kawaida, uzi mwembamba unatikisika eneo kubwa, unagonga freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, alafu unajikuta unapiga kwa woga. Uzi mnene unakupa kitu cha kuegemea kidole.

Lakini hapa ndo watu wengi wanaharibu gitaa, kwahiyo nitakaa kidogo. Nyuzi nne zilizokazwa sawasawa zinavuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 80. Fikiria mfuko wa saruji, alafu ongeza zaidi ya nusu mfuko mwingine, unaning'inia kwenye kipande cha mti usiku na mchana. Ukibadili unene au aina, mzigo unabadilika na shingo inapinda au inanyooka. Flati nyingi zinavuta zaidi ya raundi za namba ile ile. Kwahiyo ukishafunga, tyuni, liache gitaa lilale, kesho yake bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na kule shingo inapoungana na mwili kwa wakati mmoja, angalia katikati kuna upenyo kiasi gani. Kadi ya biashara ya karatasi ngumu ipite kwa shida kidogo. Upenyo ukiwa mkubwa mno, kile chuma cha ndani ya shingo kinakazwa kwa alenki, robo mzunguko tu, alafu subiri tena. Robo! Nimeona shingo ya besi imepasuka pale Igoma kwasababu mtu alizungusha kama anafungua boliti ya baiskeli. Mwisho linganisha noti ya freti ya kumi na mbili na ile nyepesi unayoigusa hapo hapo bila kubonyeza, zisipofanana sogeza kile kibebeo cha uzi kule chini.

Urefu pia muangalie kabla ya kulipa, besi nyingi za kwetu ni inchi 34, ila kuna fupi za 30, na seti ya fupi kwenye ndefu sehemu nene inaweza kuishia kabla ya kile kipande cheupe cha juu zinapopita nyuzi. Na usikate uzi kabla hujapima! Pitisha kwenye funguo yake, ile inayoukaza uzi, endelea mbele inchi kama nne au tano, ukunje kwanza kona kali, ndo ukate mbele ya hiyo kona, la sivyo waya wa nje unaweza kulegea kwenye ule wa ndani na uzi mpya unakuwa umekufa siku hiyo hiyo unalia kama kopo. Kijana wetu uzi wa E aliukata mfupi, ulikuwa umezunguka funguo mara moja tu, ndo maana kila baada ya wimbo alikuwa anatyuni.

Kuchemsha nyuzi kwenye maji, ndio inasaidia, uchafu na mafuta ya vidole yanatoka, zinalia tena kwa wiki moja mbili. Nimefanya sana enzi zile hakuna hela. Zikaushe vizuri tu, upepo huu wa ziwa ukikuta maji yamebaki ndani ya mizunguko kutu inaanza kabla hujamaliza mwezi.

Basi, nikamuomba mwenyekiti wiki mbili kabla ya kutangaza kuuza. Nikaongea na sauti ya nne, tukachanga watu sita tukapata hela ya flati, 45 mpaka 105, zikaja na basi kutoka Dar. Ijumaa usiku nikamwita kijana nyumbani ili afunge yeye mwenyewe mimi nikiangalia. Alitoa za zamani moja moja, vidole vikawa vyeusi, tukafuta ubao wa shingo kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, maana haukuwa umefutwa tangu ununuliwe. Akakunja kona, akakata, akazungusha, mara tatu kwenda chini. Uzi wa E ulikuwa hauzami vizuri kwenye mfereji wa kile kipande cheupe cha juu, tukaupanua kwa kipande cha msasa tulichokikunja, kidogo, tunapuliza vumbi, tunajaribu, kidogo tena. Saa tano usiku akapiga E tupu bila kuchomeka popote, akaweka sikio kwenye pembe ya gitaa kama mtoto, akaniangalia akasema, "Kumbe ilikuwa humu humu, kaka."

Mazoezi ya Jumamosi fundi mitambo alirudisha vifundo vyote katikati akaviacha hapo. Mwenyekiti alisimama nyuma kabisa karibu na mlango nyimbo tatu nzima, kisha akaja kuniuliza ile hela ya kuongezea besi mpya kama inaweza kununua ngozi za ngoma.

Zile nyuzi za chuma hatujazitupa. Nimezizungusha nikaziweka kwenye bahasha na jina la kijana juu, kwasababu mwezi ujao tunaingia studio na kijana anataka kurekodi nazo ule wimbo wa kasi wa mwisho. Nimemkubalia huo mmoja.