Mtu Nikimwona Tu, Namjua

Mwezi uliopita niliketi kwenye jopo la usaili katika taasisi ambayo sitaitaja. Tulikuwa wajumbe watatu tukimtafuta mhasibu msaidizi, na msailiwa wa nne alipotoka na kuufunga mlango taratibu, mwenyekiti wetu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akasema: "Huyu hapana. Mimi mtu nikimwona tu, namjua." Binti mwenyewe alikaa nasi dakika 12. Maswali yote ya mizania aliyajibu, ila aliyajibu kwa sauti ya chini, na alipoingia alitoa shikamoo huku akitazama sakafu. Hilo ndilo lililomponza. Mjumbe wa pili aliitikia kwa kichwa, jina likakatwa kwa kalamu nyekundu, chai na sambusa vikaletwa. Nilikula sambusa yangu bila kusema neno, na ukimya huo unanikera hadi leo kuliko kauli ya mwenyekiti.

Kauli ile ina mtu aliyeishughulikia karibu maisha yake yote. Daniel Kahneman alifariki Machi 2024 akiwa na umri wa miaka 90. Wengi mnamjua kwa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2002, aliyoipata ilhali alikuwa mwanasaikolojia, au kwa kile kitabu chake kinene cha 2011 ambacho hupamba rafu za mameneja kikiwa hakijakunjwa hata ukurasa mmoja. Mimi namkumbuka zaidi kwa aliyoyafanya kabla hajawa na jina.

Alizaliwa Tel Aviv mwaka 1934, mama yake akiwa amekwenda kuwatembelea ndugu, lakini alikulia Paris, na Vita vya Pili vya Dunia vikamkuta huko akiwa mtoto wa Kiyahudi. Alisimulia mwenyewe kwamba jioni moja alichelewa kurudi kutoka kucheza kwa rafiki yake, saa ya kutotoka nje ikampita, naye akaligeuza sweta lake ndani nje ili nyota aliyolazimishwa kuivaa isionekane. Njiani alikutana na askari wa Kijerumani mwenye sare nyeusi ya SS, kikosi cha Wanazi, wale aliofundishwa kuwaogopa kuliko wote. Askari akamwita, akamnyanyua, akamkumbatia, akamwonyesha picha ya mtoto wa kiume, akampa na pesa. Kahneman anasema alirudi nyumbani akiwa na hakika zaidi kwamba mama yake alisema kweli: binadamu ni kiumbe mwenye mengi, na hachoshi kumchunguza. Mimi kila nikiisoma habari hiyo huwaza upande wa pili. Askari yule naye alimwona tu, akamjua.

Mwaka 1954, baada ya shahada ya kwanza ya saikolojia, aliingia katika jeshi la Israeli. (Najua kuna watakaoacha kusoma kwa kuliona jina la jeshi hilo; subirini kidogo.) Baada ya muda alihamishiwa kitengo cha saikolojia, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwatazama vijana waliotaka kusomea uofisa. Vijana wanane wasiojuana walivuliwa alama za vyeo, wakapewa namba, wakaonyeshwa gogo refu na ukuta wa kimo cha mtu, wakaambiwa wavuke wote pamoja na gogo lao, bila gogo kugusa ardhi wala ukuta. Likigusa, waanze upya. Yeye na mwenzake walikaa pembeni wakiandika: huyu ni kiongozi, huyu ana kiburi, yule amekata tamaa mapema. Kila kitu kilionekana wazi, na alama zilitolewa bila kusita. Kisha, kila baada ya miezi michache, ilikuja taarifa kutoka chuo cha maofisa kueleza jinsi vijana walivyofanya huko, na habari yake ilikuwa ileile kila mara: utabiri wa wataalamu hawa ulizidi kubahatisha kwa kiasi kidogo mno.

Kushindwa huko si ajabu, maana sote tunashindwa. Ajabu ni kwamba taarifa ilisomwa, wakaielewa, wakasikitika, halafu kundi jipya likaletwa uwanjani, gogo likanyanyuliwa, na wao wawili wakaziona tena nafsi za watu peupe na kuandika tena kwa uhakika uleule. Walijua kwamba hawajui, na kujua huko hakukuupunguza uhakika wao hata chembe. Baadaye alikipa kitu hicho jina, ambalo mimi ningelifasiri kuwa kiinimacho cha uhakika. Ni kama mazigazi ya lami mchana wa jua kali: unajua fika hapana maji, na macho bado yanaona maji.

Sasa fikirieni kwamba mwenyekiti wetu hana hata chuo cha maofisa cha kumletea taarifa. Anayemkata hamwoni tena maishani mwake, kwa hiyo hatajua kamwe kama binti yule leo anafunga hesabu za kampuni nyingine bila kukosea senti. Anayempitisha akifanya vizuri, ni jicho la mwenyekiti. Akiharibu, "alibadilika baada ya kuajiriwa". Mtu anaweza kusaili kwa miaka 20 kwa namna hiyo asijifunze lolote, huku kila mwaka ukiongezwa kwenye hesabu ya uzoefu wake. Na sisi wadogo zake tunaitikia kwa kichwa, kwa sababu uhakika wa mkubwa una adabu zake, na anayeuhoji ndiye anayeonekana hana adabu. Halafu tunashangaa kwa nini ofisi zetu zimejaa watu wenye sauti nzito na salamu zilizokamilika.

Kahneman alifanya jambo dogo tu, na ndilo ninalolililia. Mwaka 1955, akiwa na miaka 21, alipewa kazi ya kutengeneza usaili mpya wa wanajeshi wote wanaoingia vikosi vya mapigano, kwa kuwa ule wa zamani, ambapo msaili alipiga soga kidogo kisha akasema anavyomwona kijana, ulikuwa umepimwa na kuonekana karibu haufai kitu. Alichagua sifa sita, kila moja ikapewa maswali yake kuhusu mambo yaliyokwisha kutendeka: umefanya kazi gani, ulikuwa unafika kwa wakati, umecheza michezo gani. Kila sifa ilipewa alama kuanzia 1 hadi 5, na msaili hakuruhusiwa kuanza sifa ya pili kabla hajaandika alama ya ile ya kwanza. Wasaili, wengi wao wasichana waliokuwa jeshini kwa muda, walikasirika, na mmoja akamwambia kwamba anawageuza roboti. Naye akalegeza: mkimaliza alama zote sita, fumbeni macho, mfikirieni kijana huyo kama askari, kisha mpeni alama moja ya jumla.

Miezi ilipopita, matokeo yalipimwa. Usaili mpya, kwa maneno yake yasiyo na majivuno, ulitoka kwenye kutofaa kabisa ukafika kwenye kufaa kiasi. Hakuna mshauri wa ajira mjini kwetu angethubutu kuuza huduma kwa sifa hiyo, na ndiyo maana namwamini.

Nalazimika kukiri kwa shingo upande kwamba ile alama ya kufumba macho, aliyoiweka ili kuwatuliza tu, ilitabiri vizuri sawa na zile sita zikijumlishwa. Kwa hiyo hisia za mwenyekiti zina nafasi yake. Nafasi hiyo iko mwishoni, baada ya kazi, wala haiko mlangoni binti anapotoa shikamoo.

Mengine aliyoyafanya na rafiki yake Amos Tversky kuanzia mwaka 1969 ndiyo yaliyompa Nobel, ambayo Tversky hakuipata kwa kuwa alifariki mwaka 1996, na tuzo hiyo haipewi marehemu. Nitaje moja tu, maana linatuhusu. Waliwazungushia watu gurudumu la namba lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliopata 10 walikisia kama 25, waliopata 65 wakakisia kama 45: namba isiyohusiana na swali ikawavuta. (Leo tuko 54 kati ya 193, yaani asilimia 28 hivi. Nasi tumewahi kuwa na manufaa katika sayansi.)

Hata yeye aliteleza. Katika kitabu kile alizitegemea mno tafiti ndogo ndogo kuhusu namna neno moja linavyoweza kumwelekeza mtu bila mwenyewe kujua, na nyingi hazikusimama ziliporudiwa. Mwaka 2017 aliandika hadharani kwamba aliziamini kupita kiasi. Nipeni jopo moja tu ambalo nimewahi kusikia mtu akisema hivyo.

Wiki iliyopita tulikutana tena, nafasi ikiwa bado haijajazwa. Safari hii nilizungumza. Niliomba kila mjumbe ajaze karatasi ya sifa sita peke yake kabla hatujajadiliana, na mwenyekiti, kwa heshima zote, akakubali. Msailiwa wa kwanza alikuwa kijana mcheshi aliyesoma shule niliyosoma mimi. Tulipokusanya karatasi, ya mwenyekiti ilikuwa na 3 kuanzia juu hadi chini, nami nikatabasamu kimoyomoyo. Kisha nikaigeuza yangu: 5, 5, 5, 4, 5, 5.