Kicheche Kamvamia Bosi

Kabla sijafika mbali, nieleweke: kicheche ninayemsema hapa ana miguu minne na mkia. Najua mtaani neno hili limepewa kazi nyingine, na hiyo kazi nyingine ndiyo iliyoniponza, lakini tutafika huko.

Nilihamia Dodoma mwaka 2019, pamoja na mafaili. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulikuwepo tangu 1973, ukakaa kwenye hotuba zaidi ya miaka arobaini, halafu 2016 ikasemwa sasa kweli tunahama, na sisi wa Dar tukapakiwa kama makabati. Nikanunua kiwanja Iyumbu, nikajenga, nikaingia nyumba ikiwa haina hata plasta kwa nje. Usiku ukitazama huku unaona taa za Chuo Kikuu juu ya vilima. Ukitazama kule ni giza, miiba na mbuyu mmoja mmoja. Sisi tunasema tumepata kiwanja. Wenyeji wa kule gizani nadhani wanalisema vingine.

Nilipewa mbwa wa ulinzi angali mtoto, anaenea ndani ya kofia. Mweusi tii, hana doa kuanzia pua mpaka ncha ya mkia. Aliyenipa aliniapia kwamba baba yake ni mbwa wa kizungu. Sawa, ila nadhani huyo baba alikuwa anapita tu. Nikamwita Bosi, kwa sababu tangu siku ya kwanza halali nje, hafanyi kazi, na chakula anapewa wa kwanza. Radi ikipiga anatetemeka. Kuku akimkazia macho, anageuza uso kama mtu aliyekumbuka ana simu ya kupiga.

Nilimpenda, basi. Kuna watu wanapenda mpira.

Mama Neema hakuwa na ubaya naye, ila kalelewa Pangani, ambako mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Tukakubaliana: Bosi mwisho wake barazani. Kizingiti ni mpaka wa nchi.

Mwezi Agosti mayai yakaanza kupotea bandani, na asubuhi tukawa tunaamkia harufu fulani upande wa kuni. Bosi akaacha kulala barazani, akawa anakesha amejibanza mlangoni, analia kwa sauti ya chini kama birika. Nikamwita jirani yangu, mzee wa Kigogo ambaye eneo hilo alichungia ng'ombe kabla halijaitwa vitalu. Alisalimia "Mbukwenyi," akavuta hewa mara moja tu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kicheche huyo."

Akanieleza. Mnyama mdogo, hata kilo mbili hafiki, mweusi mwenye mistari myeupe minne kuanzia kichwani mpaka mkiani. Mchana yuko shimoni, usiku anatembea peke yake. Anakula panya, wadudu, nyoka, na mayai akiyakuta. Ukimtisha anakugeuzia makalio, anasimamisha mkia na manyoya yote, na chini ya mkia huo ana dawa. Alilitamka hilo neno "dawa" kwa heshima.

"Ziba banda lako kwa wavu mzuri, mayai okota jioni, yeye mwache apite," akasema. "Anakulia nyoka bure. Ukimwacha, naye anakuacha."

Ushauri ulikuwa umekamilika, tena bila malipo. Lakini jioni ile Bosi akaja na jicho moja jekundu linalotoa machozi, akanitazama kwa lile lililobaki. Baba gani anavumilia hilo?

Nikajiandaa. Koti la mvua, viatu vya mpira, tochi ya kichwani, barakoa mbili zilizobaki tangu enzi za korona, chepeo, na beseni kubwa la kufulia. Mpango ulikuwa nimfunike na beseni, nimsukumie ndani ya kiroba, nikamwachie mbali porini akaanze maisha mapya. Mama Neema aliniangalia nikivaa, akauliza kama nimeandika wosia.

Saa tisa usiku kuku wakapiga kelele. Nikatoka. Bosi alinifuata akiwa kati ya miguu yangu, kwa hiyo nilitembea kama mtu anayeanza kujifunza. Nikamulika banda, na hapo ndipo nilipomwona: kazuri kweli, nitasema ukweli wangu, kama paka aliyevalishwa suti ya harusi. Akatutazama, akageuka taratibu bila haraka, mkia ukapanda juu kama brashi ya kuoshea chupa. Mzee aliniambia hapo ndipo mahali pa kuondoka.

Mimi nikarusha beseni.

Halikumpata. Liligonga ukuta, likalia kama kengele ya kanisa, na kicheche akaanguka ubavu, miguu imekakamaa, mdomo wazi. Nikasubiri. Nikamgusa kwa chepeo, kimya. Nikamgeuza, anageuka kama soksi. Basi nikaingiwa na huruma na fahari kwa pamoja: nimeua mnyama kwa presha.

Sikujua kwamba kujifanya maiti ni fani yake. Mzee hakunitajia hilo, na simlaumu. Alipanga nisifike hatua hiyo.

Sasa, mwanamume akishinda vita saa tisa usiku bila shahidi, ushindi huo una faida gani? Nikamchota na chepeo, nikambeba mpaka barazani penye taa ya umeme, nikamlaza juu ya zulia la kufutia miguu. Nikagonga mlango. "Mama Neema! Njoo umwone adui yako!"

Akafungua. Mwanga ukatoka, na marehemu akafumbua jicho.

Yaliyofuata ni ya sekunde chache, lakini mimi nayakumbuka kama filamu ya saa mbili. Kicheche akasimama, akaona pande tatu kuna watu na mbwa, upande wa nne kuna mlango uko wazi. Akaingia ndani. Bosi, ambaye katika maisha yake hajawahi kukimbilia hatari, naye aliona mlango wazi ndio usalama, akapita chini ya kanga ya Mama Neema akavuka mpaka wa nchi. Wakakutana korido. Kicheche akageuka. Nikapiga kelele "Bosi, lala chini!" na Bosi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akatii. Akalala chini, uso umeelekea mahali hasa.

Harufu ile haipiti puani, inapita mdomoni. Unaionja kabla hujainusa. Ni kitunguu saumu kilichooza juu ya tairi linaloungua, na nyuma yake kuna kitu cha kale ambacho mwili unakijua wenyewe na kukuamuru ukimbie. Barakoa zangu mbili zilifanya kazi moja tu, ya kuihifadhi. Bosi alipiga yowe, akakimbilia chumbani, akaruka kitandani, akaanza kufuta uso kwenye mto wa Mama Neema, kisha kwenye shuka, kisha kwenye chandarua, mpaka chandarua kikakatika kikamfunika kama bibi harusi. Kicheche alitoka kwa mlango wa jikoni. Hakukimbia. Alitembea.

Mama Neema hakusema kitu. Alisimama ameziba pua kwa ncha ya kanga, akahesabu kwa vidole: shuka, mto, godoro, korido, kanga. Mara saba kila kimoja. Halafu akakumbuka, na mimi nikakumbuka, kwamba maji ni ya mgao na zamu yetu ni kesho kutwa. Madumu yaliyokuwa na maji yalikuwa manne.

"Udongo upo," nikasema, nikitafuta pa kuanzia.

Hajanijibu mpaka leo.

Asubuhi nilioga dumu zima na sabuni ya kufulia, nikaenda kazini. Kwenye basi dogo nilikaa siti ya watu watatu peke yangu. Ofisini dada wa masjala akafungua madirisha yote bila kusema ni kwa nini, nami kwa uungwana nikatoka korido kumpigia bwana mifugo. Korido ile ina mwangwi. Naomba sasa msomaji asikie kama walivyosikia wa ndani, upande wangu tu:

"Shikamoo daktari. Daktari, jana usiku kicheche kaingia ndani kwangu… Hapana, hakuvunja, mlango tulifungua wenyewe… Nilidhani kapoteza fahamu, nikambeba mpaka barazani… Sasa aliyepatikana vibaya ni Bosi… Usoni! Akakimbilia kitandani kwangu… Ndiyo, mke wangu alikuwepo, kaona yote… Sijui kama kang'atwa, amejificha chini ya meza, hataki kuguswa… Chanjo anazo zote, mwaka huu nimempeleka mwenyewe… Nimwoshe? Mwili mzima?… Sawa, jioni nikirudi nitamwosha."

Mwenzenu nilikuwa naulizwa mambo ya maana. Wanyama wa porini nao hubeba kichaa cha mbwa, kwa hiyo swali la kwanza la bwana mifugo lilikuwa la jeraha na la pili la chanjo. Kisha akanipa dawa ya harufu: lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, robo kikombe cha soda ya kuokea, siyo hamira, kijiko cha sabuni ya maji ya vyombo. Changanya na utumie papo hapo, usifungie kwenye chupa maana itapasuka. Isiingie machoni. Dakika tano, suuza. Nyanya achana nazo, utapata mbwa anayenuka kicheche chenye mchuzi.

Bahati mbaya ni kwamba siku hiyo mkuu wetu wa idara, ambaye ofisi nzima tunamwita bosi, alichelewa kufika mpaka saa nne, na alipofika alikuwa amevaa miwani ya jua.

Saa tano nikaitwa. Alikuwa peke yake, amefungua dirisha, mikono juu ya meza. Mzee wa kanisa yule, mtu wa tai kila siku.

"Kaa pale," akanionyesha kiti cha mbali. Akanyamaza muda mrefu. "Nimeambiwa jana usiku nilikuwa kitandani kwako."

Niliwahi kusikia kwamba damu inaganda, sikujua inatoa sauti.

"Na kicheche," akaongeza. "Na mkeo akaona yote. Na chanjo ulinipeleka wewe."

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha. Bosi barazani, Bosi na mfupa, Bosi amelala chali. Akazitazama moja moja, akavua miwani. Jicho lake moja lilikuwa na chekea, maskini, ndiyo maana ya miwani.

"Huyu ndiye Bosi?"

"Ndiye, mzee."

"Na kwa nini mbwa ukamwita Bosi?"

Jibu la kweli mnalijua, nimeshalitaja hapo juu: halali nje, hafanyi kazi, chakula wa kwanza. Lilinifika mpaka kwenye meno. "Ni heshima, mzee," nikasema.

Akanitazama kwa lile jicho zima. "Nenda nyumbani kaoge. Ruhusa ya kesho nayo nimekupa. Tena unitafutie hao wa masjala."

Duka la dawa la karibu lilikuwa na peroksaidi ya kichupa kidogo, ya kuosha sikio la mbwa labda. Nikaingia saluni ya jirani. Binti akaniuliza naitaka kali kiasi gani, akanionyesha chupa kubwa iliyoandikwa 40. Bwana mifugo kasema 3, hapa kuna 40. Nikaona Mungu anajibu maombi kwa kishindo.

Jioni nikamfunga Bosi kwenye mpapai, nikachanganya, na kwa kubana matumizi nikammiminia kwa mistari, kuanzia shingoni mpaka mkiani, kama anayemwagilia matuta. Minne ikatosha. Nikawa nasubiri dakika tano, simu ikaita. Dada wa masjala. Anaomba radhi, halafu anauliza, "Lakini kaka, ni mbwa kweli?" Nikamwelezea tangu mwanzo, na akataka tena ile sehemu ya chandarua. Nilipokata simu ilikuwa imepita nusu saa.

Bwana mifugo alipokuja kesho yake alinifokea mpaka kuku wakanyamaza. Ile ya saluni yenye namba 40 ni asilimia 12, mara nne ya aliyonitajia. Ingeweza kumchuna mbwa ngozi. Kilichomsalimisha ni kwamba manyoya yake ni mazito na nilimimina kwa uchoyo. Ngozi ilikuwa nyekundu kidogo tu, jicho zima, jeraha hamna. Na harufu, nisiseme uongo, ilipungua sana. Ya godoro ndiyo iligoma. Lilining'inia kwenye seng'enge wiki mbili, na madereva wa bodaboda walikuwa wanaongeza mwendo wakifika kwetu.

Banda nimeliziba kwa wavu, mayai tunaokota jioni. Kicheche bado anapita nyuma ya kuni, sisi tumo ndani, kila mtu na lake.

Juzi jioni, giza linaingia, mzee jirani alikuja kurudisha jembe. Bosi akatoka getini kumpokea akitikisa mkia, mweusi, na mistari yake minne inang'aa mgongoni. Mzee akasimama ghafla barabarani, akaziba pua, akarudi nyuma hatua mbili kama siku ile ya kwanza.

"Baba Neema!" akaita kutoka mbali. "Huyo wako mnamlisha nini, mbona kawa mkubwa hivyo?"