Kizibo, chikichi, chikichi

Binti wa dada yangu yuko darasa la awali hapa Ujiji. Mwezi uliopita alinionyesha daftari lake: duara jekundu, duara la kijani, jekundu, kijani, ukurasa mzima, na vema kubwa la mwalimu chini. Nikamsifu. Kisha nikamwaga uani vizibo vya soda na kokwa za chikichi, nikapanga: kizibo, chikichi, chikichi, mara tatu, nikaanza tena na kizibo. "Haya mama, endelea."

Akaweka chikichi, kizibo, chikichi, kizibo.

Wala hakuzembea. Alifanya alichozoeshwa: ukiona hiki, weka kile kingine.

Ugomvi wangu ni na swali la mazoezi kama lile la daftarini: "Nini kinafuata?" Penye rangi mbili tu, hata anayebahatisha hupata nusu. Mimi ningeuliza: "Nini kinajirudia?" Mtoto akishaona kwamba kizibo na chikichi mbili ni fungu moja, linalokuja lote kwa pamoja, unaweza kumwambia alipige kwa mikono. Paja, kofi, kofi. Kizibo hakifanani na paja hata kidogo, ila mpangilio ni ule ule, na kuutambua ndani ya vitu visivyofanana ndiyo hesabu yenyewe. Huyo akihesabu hatapata shida na ishirini na moja, ishirini na mbili, kisha thelathini na moja, thelathini na mbili. (Mpangilio huo unaojirudia vitabu huuita ruwaza. Neno zuri, lakini sijamsikia mzazi hata mmoja sokoni akilitamka.)

Jambo moja watu wazima hulisahau: fungu lirudiwe angalau mara tatu kabla ya kumwachia mtoto aendeleze. Ukimwonyesha mara moja na nusu, akaweka chikichi tatu badala ya mbili, hajakosea. Labda ameona mpangilio unaokua, nawe hukumpa sababu ya kuukataa. Na kabla ya kuendeleza, mwache kwanza aige. Kisha chomoa kimoja katikati akiwa amefumba macho, akitafute kilichopotea. Watoto huupenda wizi huo kuliko rangi zote za daftarini.

Simlaumu mwalimu. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, nami naiunga mkono, lakini darasa la huyu binti limejaa hadi mlangoni. Ukiwa na umati huo na chaki moja, utachora duara. Ila chikichi Kigoma hazinunuliwi dukani, zimezagaa njiani.

Na watoto wetu hawaanzi patupu: mpangilio unaojirudia wanauona nyumbani. Nenda Kibirizi, kwa wavuvi wa ziwani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa; mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika. Juzi nilimuuliza mtoto wa jirani, miaka mitano, kama baba yake yupo.

"Yupo. Mwezi mkubwa."

"Atarudi lini ziwani?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Mwezi ukianza kuchelewa kutoka."