Umeandika?

Nyumbani Tanzania ukionewa kazini, swali la kwanza ni "Unamjua nani pale?" Huku Uingereza niliulizwa, "Umeandika?" Sikuwa nimeandika kitu.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, Leicester. Ratiba ya zamu ilibandikwa mlangoni mwa friji, na ukiisoma kwa utulivu unaona rangi za watu: sisi Waafrika wanne usiku na wikiendi, wengine mchana. Nilipouliza, meneja akatabasamu (ubaguzi wa huku hautukani mtu, unatabasamu) akasema sisi "tuna nguvu zaidi". Mwenzangu wa Zimbabwe, mwanachama wa chama cha wafanyakazi, ndiye aliyeninunulia daftari. Tarehe, saa, nani kasema, maneno yenyewe, nani alisikia. "Usiandike kwamba uliumia," akanionya. "Andika alichosema."

Baada ya wiki sita nikapeleka barua ya malalamiko. Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi yake, na inakataza pia kumwadhibu aliyelalamika. Hiyo ya pili ndiyo iliyonipa usingizi. Kilichonishtua ni muda: wakati huo ulikuwa miezi mitatu kasoro siku moja tangu utendewe, uwe umeshawafikia wasuluhishi wa ACAS, huduma ya bure, ndipo njia ya baraza la kazi, yaani mahakama ya migogoro ya kazi, ibaki wazi. Na barua uliyompa mwajiri haisimamishi saa hiyo.

Sikufika barazani. Ratiba ilibadilika kimyakimya. Radhi sikuombwa, na tabasamu likaisha.

Mwaka huohuo binamu yangu Dar aliachishwa kazi dukani, tumbo lilipoanza kuonekana. Familia ikakaa kikao. Mjomba akampigia mtu, mtu akasema atamwona mtu. Ikapita miezi minne ndipo mmoja akaitaja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Kumbe mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Unaweza kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu ya msingi, ila "mjomba alikuwa anaongea na watu" haiandikiki kwenye fomu.

Ndiyo maana wanaosema "huku kuna haki, kwetu hakuna" wananikera. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, imeutaja ujauzito waziwazi, pamoja na kabila na mahali mtu alikotoka. Mlalamikaji akishaonyesha dalili za kubaguliwa, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Mjomba hakuijua, nami niliisoma nikiwa Leicester, jambo la aibu kidogo.

Wala nisijifanye shujaa. Nilikuwa na ukaazi wa kudumu. Wenzetu walioletwa kwa viza ya mwajiri wakipoteza kazi, kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mwajiri mwingine wa kuwadhamini au waondoke. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "lalamika", anakutazama kama binamu yangu alivyonitazama kwenye simu.

Siku hizi yuko duka jingine, Kariakoo. Juzi nikamuuliza kama mkataba wake ameupiga picha. Akacheka. "Dada, umeshakuwa Mzungu." Kisha akaniuliza picha yenyewe aitume wapi, maana simu yake imejaa.