Kabla ya mikuki, tudai kadi

Mjomba aliniuliza kwa simu kazi yangu huku Ujerumani ni ipi hasa. Nikamwambia niko kwenye makumbusho ya historia, naangalia wageni wasiguse vitu vya kale. Akanyamaza kidogo. "Vitu vya nani?" Vingine vyao, mjomba, vingine vyetu. "Kwa hiyo wamekuajiri uwalinde dhidi yetu." Akacheka peke yake.

Tuseme ukweli, kazi yenyewe haina shida. Zamu inaisha saa iliyoandikwa, na ukiugua mshahara haukatwi. Na kutunza, wenzetu wanajua. Kila chumba cha ghala kina kipimo cha unyevu, na mbao hukaguliwa zisiliwe na wadudu. Nyumbani nimewahi kuona ngoma ya kale imeegeshwa chini ya dirisha linalovuja, kwa hiyo sina haja ya kututetea.

Lakini kuna siku nilitumwa ghalani kusaidia kuhesabu, nikakutana na mkuki mmoja. Kadi yake ilikuwa na urefu kwa milimita, uzito kwa gramu, hata hali ya kutu. Ulikotoka: Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka: 1906. Basi. Anayeisoma huku hupita tu. Aliyekaa darasani Tanzania anajua 1906 Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilikuwa bado vinawaka, na sidhani kama mkuki huo ulinunuliwa sokoni. Mpini wake una mahali palipong'aa kwa kushikwa, upana wa kiganja. Hilo kadi haikulitaja.

Nikakumbuka Kalenga, kule Iringa. Jumba la makumbusho la huko ni dogo, unalimaliza kabla hujachoka kusimama. Ila aliyenitembeza hakunisomea kibao, alinisimulia habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kama anayemsema babu yake, mpaka nikasahau kutazama kabati. Fuvu la Mkwawa lililochukuliwa na Wajerumani, mnajua, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza lirudishwe. Lilifika 1954. Ndiyo maana nikisikia viongozi wanasema mazungumzo ya kurudisha vitu vyetu yanaendelea, huwa naanza kuhesabu miaka.

Sasa huko mitandaoni tunagombana kuhusu vitu hivyo: virudi, visirudi, tutaviweka wapi. Mimi naona tumeanzia mwisho. Tudai kadi kwanza. Orodha nzima, picha kwa picha, kwa Kiswahili, zipelekwe Songea, Lindi, Iringa, wazee waketi nazo. Huenda yupo atakayetazama ufumaji wa kikapu akataja bonde kilikotoka, jambo ambalo huku mtaalamu mwenye shahada tatu hawezi. Kitu kisicho na kijiji hata kikirudi kitashukia Dar es Salaam na kuingia ghala jingine.

Nilimwomba msimamizi wangu tuandike kwenye kadi ya ule mkuki habari za mpini uliong'aa. Alinisikiliza vizuri, kwa heshima zote. Akaniambia kuna fomu.